Nilikatazwa Kwenda kwa Bi Kanta

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamka mapema tena. Mwili haujaambiwa kwamba kazi imekwisha. Nimeoga, nimevaa viatu vya kazi, nimekumbuka nikiwa nimeshika kitasa cha mlango. Hakuna mzee wa kuogesha. Wazee wangu wote wamepewa mtu mwingine. Nimevua viatu, nimepika uji ambao sikuutaka.

Wakili alipiga simu. Siku imepangwa: nitasomewa adhabu Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ni mwanamke mwema, anaongea haraka kama mtu anayewahi basi. Anasema jaji anaweza kunipa kifungo cha nje, nikalala kwangu. Anaweza pia kunipeleka ndani. Akasema nifungashe begi hata hivyo. Hilo "hata hivyo" limenikaa kichwani mchana kutwa.

Birmingham haina jela ya wanawake. Mji wote huu. Wanaume wana ya kwao, ukuta wake nauona nikiwa kwenye basi. Wanawake hupelekwa mbali, huko kwenye mashamba. Wapi hasa, unajua ukishapakiwa kwenye gari. Nilimwuliza wakili, binti yangu Esther atafikaje kuniona. Akasema tuvuke kwanza hili la Ijumaa.

Esther hajauliza kitu. Ana miaka kumi na minane, yuko koleji, siku hizi anakula amesimama.

Jumatano, 8 Oktoba

Kwa afisa wa probesheni. Yeye ndiye anayemwandikia jaji ripoti juu yangu. Kijana tu, shati halijaona pasi. Akataka nimweleze asubuhi ile tangu mwanzo. Nimeieleza mara nyingi mno. Sasa inatoka kama sala ya kabla ya kula.

Januari. Barafu imeganda kwenye kioo cha gari. Nilikuwa nakwenda kwa mzee wa kwanza na nimechelewa. Nikakwangua tundu mbele ya macho yangu, kadiri ya sahani, nikaondoka. Mtaani kwetu wote hufanya hivyo. Karibu na stesheni ya Stechford jua likachomoza mbele yangu, likapiga ile barafu iliyobaki, kioo kizima kikawa cheupe. Mzee Jivan alikuwa anavuka kwenye mistari. Sikumwona. Nilimsikia.

Mahakamani nilikana kosa. Nilidhani kukubali ni kusema nilitaka afe. Wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi walikwenda kujadiliana, wakarudi hata chai yangu haijapoa.

Kijana akaniuliza kama najuta. Nikasema ndiyo. Akauliza majuto hayo ninayaonyeshaje. Hapo nikaongea sana, labda kupita kiasi. Nikamwambia kwetu Uvira mtu akifa mikononi mwako, hata kwa bahati mbaya, hukai nyumbani. Unakwenda msibani na watu wako, mmebeba unga na sukari, mnakaa chini, mnalia pamoja na wafiwa. Wanaweza kukufukuza. Wanaweza kukupiga. Unakwenda tu. Asiyekwenda, watu husema aliua kwa kutaka.

Mimi sijaenda. Dhamana yangu ina sharti: nisiwasiliane na familia ya marehemu, mwenyewe au kwa kupitia mtu mwingine. Basi tangu Januari naishi kama mtu aliyeua kwa kutaka.

Aliandika, aliandika. Kisha akaniuliza kama naelewa kwamba hapa jambo hilo haliwezekani. Nikamwambia naelewa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Sikutoka.

Nimemfikiria Bi Kanta siku nzima. Mjane wa Mzee Jivan. Wakati wa kesi nilikuwa na mkalimani, mtu wa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooshwa hata mimi nilikuwa nakimbilia Kiingereza nielewe. Siku ya pili alisimama kwenye korido na kahawa yake. Mama wa Kihindi, sari nyeupe ndani ya koti zito, akamsogelea akamwuliza, "Wewe ni mtu wa pwani?" Kiswahili safi cha Kenya. Nilikuwa nyuma ya nguzo. Nikasikia yote aliyomweleza. Baba yake alikuwa na duka Nakuru, yeye alizaliwa pale, aliolewa pale.

Mpaka siku ile nilikuwa najiambia: hata ningeruhusiwa, ningesema nini na mama wa Kihindi? Sasa sina hata kisingizio hicho. Ningeweza kumwomba radhi kwa lugha ninayoombea Mungu, bila mtu kati yetu.

Naona haya. Si woga, ni haya. Woga ni wa jela. Hii ni nyingine.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani Digbeth. Tunasali ghorofani, chini kulikuwa na karakana na mpaka leo ngazi zinanuka oili. Mchungaji alinisimamisha mbele akaomba Mungu auvunje moyo wa jaji. Alipiga kelele hata watoto wakacheka. Sipendi kusimamishwa mbele. Na jaji hajanikosea.

Baada ya ibada Maman Vumilia, mkubwa wa kina mama wetu, alinivuta kando. Mwanamke mpana, sauti pana, moyo pia. Akaniuliza kama nimeshaenda kulia kwa wafiwa. Nikamweleza sharti. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia serikali imekataza kupumua.

"Wewe ndio balikukataza," akasema. "Sisi hakuna mutu alitukataza."

Nikamwambia sharti linasema pia kwa kupitia mtu mwingine. Nilisema. Nina hakika nilisema. Ila nilikuwa nacheka, na yeye alikuwa anacheka.

Jumatano, 15 Oktoba

Hakuna jipya. Nimesafisha friji ambayo ilikuwa safi.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda kanisani, kichwa kiliniuma. Alasiri Vumilia kaja, bado amevaa vitenge vya ibada, uso unang'aa. Wametoka kwa Bi Kanta.

Nikamwambia akae, anieleze yote.

Walikwenda yeye na mama wengine wanne, kwa gari la mumewe. Unga, sukari, kitenge kipya. Mtoto wa marehemu, Nilesh, anaishi na mama yake lakini alikuwa ametoka. Bi Kanta akafungua mlango mwenyewe. Wakaingia, wakavua viatu, wakakaa kwenye zulia, wakaanza kulia. Bi Kanta kasimama mlangoni mwa sebule, haelewi. Akauliza kwa Kiswahili nani amekufa. Vumilia akamjibu: "Mzee wako, mama. Tulikuja kumulilia. Tulichelewa."

Basi Bi Kanta naye akashuka chini. Ana magoti mabovu, walimsaidia. Alilia nao. Kisha akaenda kupika chai ya tangawizi, akakataa kusaidiwa. Akawaambia tangu mzee afariki watu wanamletea maua na kadi, na wanaondoka kabla hajakaa.

Walikuwa wamemwambia mimi ni mwenzao. Wakati wa kuaga akasema, na Vumilia ameniapia kwamba ndiyo maneno yake: "Nimewasikia ninyi. Sasa mwambieni aje mwenyewe. Nitamngoja."

Walipokuwa wanavaa viatu Nilesh akaingia. Hakupiga kelele. Aliuliza wao ni nani, nao wakamjibu ukweli wote, kama watu wasiojua kosa lao. Akatoka nje akapiga picha namba ya gari.

Sijamgombeza Vumilia. Nilitaka, sikuweza. Alikuwa amefurahi mno. Nikaandaa chai, akanywa, akaondoka. Sasa nasikia maneno yale tu. Aje mwenyewe.

Jumanne, 21 Oktoba

Walikuja jana asubuhi, polisi wawili, mwanamke na mwanamume. Wapole. Esther alikuwa kwenye ngazi na mswaki mdomoni. Nimelala kituoni. Leo nimepelekwa mbele ya jaji, kizimbani, nyuma ya vioo.

Mwendesha mashtaka akasema nilituma kundi la watu wakamshinikize mjane mzee. Kundi. Mama watano na mfuko wa sukari. Wakili wangu akaeleza mila. Akaieleza vibaya, lakini alijitahidi. Jaji akaniuliza kama niliwatuma. Hapana. Kama niliwaambia wasiende. Nikaangalia kioo mbele yangu. Nilisema, lakini nilikuwa nacheka. Utamwelezaje jaji kicheko?

Kaniachia, mpaka Ijumaa ile. Wamenifunga mguuni kifaa cha kunifuatilia. Jioni mpaka asubuhi nisitoke nje. Jambo hili, amesema, atalipima siku ya adhabu.

Kifaa kinakwaruza mfupa. Nimekivalisha soksi ya Esther.

Alhamisi, 23 Oktoba

Wakili hasemi tena "kifungo cha nje" kwa sauti ile ya mwanzo. Anasema bado inawezekana. Mtu akisema bado inawezekana, mimi nimefanya kazi na wagonjwa, najua.

Nikamwambia kwamba mama yule ameniita. Ametaka niende. Je, mwenye msiba mwenyewe akikuita? Akavua miwani. Akasema sharti ni la mahakama, si la Bi Kanta, na Bi Kanta hawezi kulifuta. Nikikanyaga pale sitalala nyumbani siku hiyo. Nikauliza kama yeye anaweza kumfikishia neno, kwamba sijadharau. Akasema itapita kwa polisi, na polisi watamwuliza mtoto wake. Atajaribu. Uso wake ulikuwa unasema asingejaribu sana.

Jioni nilimpigia Vumilia, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabana. Nimemwita mjinga. Nimemwita na mengine. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, "Minaelewa. Lakini kufa, mutu alikufa. Juu ya nini batu banakataza kulia?" Nikakata simu.

Halafu nikamkalisha Esther. Nikamwambia mtu yeyote wa familia ile akija hapa, akipiga simu, akikuona njiani, usijibu. Usifungue mlango. Hata akilia, hata akija na maneno matamu. Wanaweza kunizidishia miaka kwa neno lako moja. Akasema, "Okay, Mum." Nikamwambia arudie. Akarudia, kwa Kiswahili, vibaya, lakini akarudia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo nimefanya ujinga.

Esther alikwenda kazini, ana saa chache za duka Alum Rock wikiendi. Nikavaa koti nikajiambia nakwenda kununua mihogo. Nikapanda basi la Stechford. Huko hakuna mihogo.

Nilishuka kituo kimoja mbele, nikarudi kwa miguu. Nyumba yao naijua tangu kesi, anwani ilisomwa mbele ya watu wote. Mlango wa bluu. Nikasimama upande wa pili, penye kituo cha basi, kama mtu anayengoja. Nilikuwa na maneno tayari. Si mengi. Mama, mimi ndiye. Nimekuja.

Pazia la sebule lilikuwa wazi. Alikuwa amekaa dirishani. Hafumi, hasomi, haangalii televisheni. Amekaa na sari yake nyeupe, anaangalia barabara.

Anangoja.

Sijui kama aliniona. Kofia ilinifunika, na macho yake ni ya mtu mzee. Niliweka mguu mmoja barabarani. Nikamfikiria Esther peke yake kwenye nyumba yetu, miezi, labda mwaka, akila amesimama. Basi likaja, likasimama mbele yangu, mlango ukafunguka. Dereva akaniangalia. Nikapanda.

Nililia mpaka Alum Rock. Hakuna aliyeniuliza, na hilo ndilo zuri la mabasi ya hapa. Nimenunua mihogo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemfundisha Esther kuwasha boila, mashine ya kupasha nyumba joto. Nimemfundisha pipa lipi linatolewa wiki ipi. Nimemfundisha kupika sombe, majani ya muhogo, mara ya tatu, naye bado anaweka maji mengi. Anasema kuna vyakula vya kwenye mikrowevu. Nikakasirika kupita kiasi, kwa sababu ya sombe. Alikwenda chumbani kwake. Nikamfuata, nikakaa kitandani. Akaweka miguu yake juu ya mapaja yangu kama alipokuwa mdogo. Ni mizito sasa.

Begi liko mlangoni. Nguo zisizo na kofia, hawataki kofia. Chupi mpya. Biblia. Namba za simu kwenye karatasi, kwa sababu simu yenyewe wataichukua, na mimi sikuwa naijua kwa kichwa hata namba ya mtoto wangu. Nimejifunza wiki hii. Naiimba nikiosha vyombo.

Jumatano, 29 Oktoba

Vumilia amekuja kunisuka. Hatujaongea tangu siku ile ya simu. Aliingia na kitana na mafuta ya nazi, akaketi kwenye kochi, akaonyesha sakafu kati ya magoti yake. Nikakaa. Kule ndani hakuna mtu wa kusuka nywele zetu, ndivyo alivyoambiwa na mama mmoja aliyewahi kufungwa. Mistari midogo, imebana, inarudi nyuma, ikae muda mrefu. Mkono wake ni mzito. Kichwa kinawaka moto.

Katikati ya kichwa akasema, "Unisamehe, yaya." Yaya ni dada mkubwa, na yeye ndiye mkubwa kwangu, mimi ndiye ningemwita hivyo. Nikamwambia asuke.

Baadaye nikamwuliza kitu kilichokuwa kinanila. Bi Kanta alisema ataningoja kwa uso gani? Wa hasira au wa namna gani? Akasema hajui. Wakati ule alikuwa anatafuta kiatu chake.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kesho. Siwezi kuandika. Naogopa. Basi.

Jumapili, 2 Novemba

Nipo ndani. Wamenipa kalamu na daftari hili jembamba. La zamani nimemwachia Esther, nitayanakili haya humo siku moja.

Ijumaa ilikuwa hivi. Ukumbi umejaa kina mama wetu, wakili aliwaambia wasivae vitenge vya aina moja wasionekane kama kundi, nao wakavaa makoti meusi, wakaonekana kama kundi lenye msiba. Esther mstari wa mbele. Bi Kanta hakuja. Magoti, au alizuiwa, sijui. Nilikuwa nimejiandaa kumwona, na alipokosekana nikahisi nimeibiwa.

Nilesh alisoma tamko la familia. Alimsema baba yake, jinsi alivyokuwa akienda kununua gazeti kila asubuhi ingawa mtoto alimwonyesha mara nyingi kwamba liko kwenye simu. Nilijua hilo litaniuma, na liliniuma. Kisha akasema hili, mkalimani akaninong'oneza kwa Kiswahili chake kilichonyooka, ingawa nilikuwa nimeshaelewa: kwamba wanawake wale walimwambia mama yake kwamba kuna mtu atakuja. Tangu siku ile mama yake anakaa dirishani. Kengele ikilia anainuka na magoti yale, anakataa mtu mwingine afungue. Ni mleta vifurushi. Ni fundi wa gesi. Hakuna aliyekuja. "Wamempa mama yangu mtu wa kumngoja," alisema, "na mtu huyo hakuwa na adabu ya kuja."

Nilisimama. Sikupanga. Mlinzi akaniwekea mkono begani, nikakaa.

Ningesema nini? Kwamba nilifika? Kwamba nilikuwa upande wa pili wa barabara na mguu mmoja chini? Mbele ya jaji yule yule aliyeniambia nisikanyage?

Jaji hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali. Alisema haamini kwamba niliwatuma kwa nia mbaya. Alisema mila anaiheshimu. Lakini amri ya mahakama ni amri, na matokeo yake ni mama mzee aliyeongezewa huzuni. Na kuhusu asubuhi ile ya Januari, alisema kukwangua kioo chote ni kazi ya dakika chache. Hilo ni kweli, hata sikuhitaji mkalimani. Miezi kumi na minne. Ndani, si nje. Nitakaa sehemu yake, nyingine nitamalizia uraiani chini ya uangalizi.

Esther hakulia. Alikuwa anaangalia mikono yake. Vumilia ndiye aliyelia, kwa sauti, mpaka wakamtoa.

Chini, kwenye vyumba vya mahabusu, wakili alikuja kuniaga. Akanieleza mambo mengi haraka haraka kama kawaida yake: rufaa, hapana, kifaa cha mguuni, kitakatwa, dhamana imekwisha kwa hiyo na masharti yake yamekwisha, kilichobaki ni taratibu za jela yenyewe, Esther aombe siku ya kunitembelea kwa mtandao. Nilitikisa kichwa kwa kila kitu. Nilikuwa naimba namba ya simu.

Gari lina vyumba vidogo kama makabati. Kidirisha cheusi. Niliona barabara kuu, kisha miti, kisha giza. Hata sasa, mahali nilipo, nimeliona jina lake kwenye kibao tu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeongea na Esther kwa simu. Dakika zinakwisha upesi. Nikamkumbusha pipa. Akasema, "I know, Mum." Nikamwuliza anakula nini. Kuku. Nikajua si kweli.

Mwenzangu wa chumba ni mwanamke wa Coventry, kijana kuliko mimi, anaongea usingizini. Mchana ni mwema sana. Alinifundisha birika.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepangiwa kazi ya dobi. Mashuka ya watu nisiowajua. Kazi ninaiweza, na mikono imefurahi kupewa kitu. Mimi mwenyewe sijafurahi.

Nimemwuliza afisa wa hapa kama naweza kumwandikia mjane. Akasema si hivi hivi tu. Kuna mtu wa kati, ataulizwa mjane, itachukua muda, na mara nyingi familia hukataa. Nikamwambia huyu hatakataa. Akaniangalia kwa huruma, kama wanavyomwangalia mtu anayejidanganya. Nimesema waulize.

Jumapili, 16 Novemba

Theluji kidogo, haikushika. Nimesali peke yangu. Wimbo ulikosa sauti ya pili.

Jumamosi, 22 Novemba

Esther kaja. Treni, basi, halafu mwendo mrefu kwa miguu kando ya barabara isiyo na njia ya miguu. Amevaa koti langu. Linamtosha mabegani, sikujua. Amekonda usoni. Tulipewa meza karibu na mashine ya chai.

Aliniambia habari za koleji. Aliniambia Vumilia anamletea chakula Jumamosi na kukagua friji. Aliniambia boila ilizima akaiwasha mwenyewe. Alikuwa anajivunia, nami nikamsifu.

Kisha akaniambia hili, kama mtu anayetaja jambo dogo asije akalisahau. Jumapili iliyopita mchana kengele ililia. Akachungulia kutoka dirisha la juu. Teksi imesimama, na mbele ya mlango kuna mama mzee wa Kihindi, sari nyeupe, koti, ameshika sufuria iliyofungwa kwa taulo. Anwani alipewa na Vumilia, nani mwingine. Esther akajua ni nani.

"So I didn't open," akasema. "You told me not to."

Kengele ikalia tena. Halafu kifuniko cha tundu la barua kikainuliwa, na mama yule akaongea kwa Kiswahili. Nikamwuliza alisema nini. Esther hapendi kusema Kiswahili, lakini akasema, neno kwa neno, kwa sauti ya chini ili meza ya pili wasisikie: "Mtoto, usiogope. Nimesikia mama yako amefungwa. Nimekuja kukaa na wewe."

Esther alikaa juu ya ngazi, kimya, mpaka sauti ikaisha. Alipochungulia tena mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, sufuria mapajani, anapumzisha magoti. Dereva wa teksi akashuka akamsaidia kuinuka. Chakula akaondoka nacho.

Akaniuliza kama alifanya vizuri.

Niliangalia uso wake. Nikamwambia ndiyo, amefanya vizuri, amefanya kama nilivyomwambia. Mabega yake yakashuka.

Masharti yalikwisha siku ile ile ya adhabu, wakili aliniambia kule chini, na mimi nikatikisa kichwa. Nimempigia Esther mara nyingi tangu hapo. Tumeongea juu ya pipa, juu ya kuku, juu ya ada ya koleji. Kwamba sasa anaweza kufungua mlango halikunijia hata mara moja. Na leo, nilipolikumbuka, alikuwa amekaa mbele yangu na koti langu, ametoka mbali, na ameniuliza kama alifanya vizuri.

Nitamwambia kwa simu. Si kesho.

Tulikunywa chai ya mashine. Ilikuwa ya moto, haina ladha. Aliniuliza kama nywele zinaniwasha, nikainama akanikuna na kidole, pale nyuma ambapo sifiki. Afisa akatangaza muda umekwisha na viti vikaanza kuburuzwa.